Lango la Kambi Lijengwe kwa Mikono Yetu

Askari wa gadi hapewi lindo asilolijua. Kabla hajashika zamu huonyeshwa mipaka ya kambi, hutajiwa neno la siri la usiku ule, huambiwa ni nani apitaye na ni nani azuiwe, na hukabidhiwa daftari ambamo kila gari na kila mgeni huandikwa. Endapo mtu wa nje angekuja na lango lililofungwa ndani ya sanduku, akalisimika mbele ya kambi, akaondoka na nakala ya ufunguo, na akakataza lisifunguliwe na mtu yeyote apate kuona lilivyoundwa, hapana ofisa wa jeshi wala wa polisi ambaye angekubali. Lakini jambo hilohilo hutendeka katika maofisi mengi, si kwa lango la chuma bali kwa lango la kompyuta, na wakubwa hutia sahihi hati ya kupokea bila ya wasiwasi wowote.

Lango tunalolizungumzia huitwa proksi, yaani wakala. Kompyuta za kambi au za kituo cha polisi haziendi zenyewe katika intaneti. Kila moja hupeleka ombi lake kwa wakala; wakala hulitazama, hulilinganisha na amri alizopewa, na kama limeruhusiwa hutoka yeye mwenyewe kwa jina lake, akaleta jibu na kumkabidhi aliyeomba. Walio nje humwona wakala peke yake. Zaidi ya hayo, wakala huweka daftari: nani aliomba, saa ngapi, alitaka kwenda wapi, na mzigo uliorudi ulikuwa na ukubwa gani. Ndugu askari anayesoma haya ataona mara moja kwamba huyu ndiye mlinzi wa lango, tena mlinzi asiyelala. Basi swali letu ni moja tu: mlinzi huyu amelelewa na nani?

Katika jamii hii ya programu, iliyo maarufu sana huitwa Squid, maana yake ngisi. Ngisi ni mnyama wa baharini, na sisi wa pande za ziwa tumezoea zaidi sangara na ngege. Hata hivyo huyu tunapaswa kumfahamu. Chimbuko lake ni mradi wa Harvest katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, katika miaka ya 1990. Mradi ule ulipogawanyika, tawi moja likawa bidhaa ya kuuzwa, na tawi la pili likaendelezwa na Duane Wessels na wenzake kwa fedha za Shirika la Taifa la Sayansi la nchi ile, likatolewa bure kwa umma mwaka 1996 kwa jina la Squid. Leseni yake inampa kila mtu haki ya kusoma msimbo chanzo wake, yaani maandishi yale ambayo watunzi waliyaandika kwa mikono yao, kuyabadili na kuyagawa. Hii ndiyo maana ya programu huria.

Afrika Mashariki imekula matunda ya kazi hiyo. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na dunia yalipita angani kwa satelaiti, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Wakala alikuwa akihifadhi nakala ya ukurasa uliokwisha kusomwa na mtu mmoja, ili wa pili na wa mia wausome bila ya kulipia tena safari ya angani. Mafundi wengi wa kanda hii walijifunza kazi katika shida ile, wakijenga seva zao wenyewe kwa programu huria kwa kuwa fedha za kununua nyingine hazikuwako. Kundi la waendeshaji mitandao wa Afrika lilianza mafunzo yake mwaka 2000, na mwaka 2003 lilikutana hapa Kampala. Inasikitisha kwamba ujuzi uliozaliwa na umaskini umeanza kusahauliwa kwa sababu ya unafuu.

Sasa tuieleze kazi yenyewe, maana mengi yanayoogopwa huogopwa kwa kutojulikana. Fundi hupakua msimbo chanzo ukiwa umefungashwa katika faili moja, pamoja na faili ndogo ya pili iliyo na sahihi ya watunzi. Jambo la kwanza, hata kabla ya kufungua mzigo, ni kuithibitisha sahihi hiyo kwa ufunguo wa watunzi, na ufunguo huo usichukuliwe mahali palepale mzigo ulipochukuliwa. Mwizi aliyeweza kuweka mzigo wa uongo angeweza pia kuweka ufunguo wa uongo pembeni yake. Tumewaona mafundi hodari wakiiruka hatua hii kwa kuwa haionyeshi kitu chochote kwenye kioo cha kompyuta isipokuwa mstari mmoja wa maneno. Lakini kituo cha ukaguzi barabarani nacho aghalabu hakionyeshi kitu, na hakuna afande anayekiondoa kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo huja amri tatu ambazo kila fundi wa mifumo ya jamii ya Unix anazijua. Ya kwanza, ‘configure’, huipima mashine na kupanga ni sehemu zipi zijengwe na zipi ziachwe. Ya pili, ‘make’, huita kompaila, programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa amri za mashine. Ya tatu, ‘make install’, hupeleka kilichojengwa mahali pake, ambapo kwa Squid ni ndani ya saraka ya /usr/local/squid kama fundi hakuelekeza pengine. Kisha huandikwa faili ya kanuni, ikakaguliwa kwa amri ya ‘squid -k parse’ ili makosa yaonekane kabla ya kazi kuanza, zikatengenezwa saraka za kuhifadhia nakala, na wakala akasimama kwenye mlango nambari 3128. Kwa mtu aliyezoea, ni kazi ya asubuhi moja.

Tunapenda kukawia kwenye amri ile ya kwanza, kwa kuwa ndani yake imo sababu kubwa ya maoni yetu. Anayenunua au kupokea programu iliyokwisha kujengwa hupokea kila kilichomo, akitake asikitake. Anayejenga mwenyewe huchagua. Squid ilikuwa na sehemu moja iitwayo ESI, iliyokusudiwa kuunganisha vipande vya kurasa mbele ya seva kubwa za wavuti. Kambi ya jeshi haina haja nayo hata kidogo. Mwaka 2024 zilitangazwa kasoro za usalama katika sehemu hiyo, na aliyejijengea mwenyewe aliambiwa kwamba kinga yake ni kujenga upya na kuiacha nje, kwa neno moja tu la kuongeza kwenye amri ya ‘configure’. Fundi aliyekwisha kuiacha tangu mwanzo hakuwa na cha kuogopa. Yule mwenye sanduku lililofungwa alibaki kumngoja mwenye sanduku.

Yupo atakayetuuliza: je, si rahisi zaidi kununua kwa kampuni yenye jina, ikatoa hati ya dhamana, na fundi wake akaja kila robo mwaka? Historia ya majeshi ya dunia imekwisha kulijibu swali hili, tena kwa ukali. Kampuni ya Crypto AG ya Uswisi iliuza mashine za kufumba ujumbe wa siri kwa serikali zaidi ya 120. Wanunuzi waliiamini kwa sababu Uswisi haikuwa upande wowote. Februari 2020 magazeti na televisheni za Marekani, Ujerumani na Uswisi zilifichua kwamba tangu mwaka 1970 mwenye kampuni hiyo kwa siri alikuwa Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, pamoja na shirika la ujasusi la Ujerumani Magharibi. Wajerumani walijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wamarekani wakabaki hadi mwaka 2018. Mashine nyingi zilikuwa zimelegezwa makusudi ili wenye kampuni wasome. Ajentina ilikuwa miongoni mwa wateja, na katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982 askari wake walipigana huku ujumbe wao ukisomwa na rafiki wa adui yao. Walikuwa na dhamana, na fundi alikuwa akiwatembelea.

Hatusemi kwamba kila muuzaji ni jasusi. Tunasema kwamba mnunuzi wa sanduku lililofungwa hana njia ya kumtofautisha aliye jasusi na asiye jasusi, na kwa mtu aliyekula kiapo cha kulinda nchi hali hiyo ya kutojua haifai. Tena hatari si ujasusi wa kigeni peke yake. Tuliwahi kuingia katika ofisi moja ya umma ambako wakala alikuwa amesimikwa na mkandarasi miaka kadhaa nyuma. Mkandarasi alikwisha kuhamia kazi nyingine. Neno la siri la mashine alilijua yeye peke yake. Na hapana mtu katika jengo zima aliyeweza kusema daftari la wakala lilikuwa likihifadhiwa wapi wala lilikuwa likipelekwa kwa nani. Mashine ilikuwa ikifanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililowatuliza wote.

Hata hivyo tutakuwa tumewadanganya wasomaji wetu tukisema kwamba kujenga kutoka msimbo chanzo ni hirizi. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa akipima mwendo wa kompyuta zake akagundua kwamba kuingia kwa mbali katika mashine kulichelewa kwa muda wa nusu sekunde hivi. Alifuatilia nusu sekunde hiyo mpaka akafika katika programu ndogo huria iitwayo xz, inayotumiwa kukandamiza mafaili, na humo akakuta mlango wa siri. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejipenyeza miongoni mwa watunzaji wa programu ile kwa zaidi ya miaka miwili, akifanya kazi njema na ya kusaidia, hadi akaaminiwa kutoa matoleo. Kiungo cha kuwasha sumu hakikuwa katika msimbo uliowekwa wazi siku zote mbele ya wasomaji. Kiliongezwa katika mafaili yaliyofungashwa kwa ajili ya kupakuliwa. Sahihi ilikuwa halali, maana mwenye kutia sahihi ndiye aliyekuwa mhalifu.

Kwa hiyo kujenga bila ya kusoma hakutoshi. Lakini tazameni sumu ile ilivyopatikana. Ilipatikana kwa sababu kitu kilikuwa wazi, na mtu mwenye tabia ya kuuliza aliweza kukifungua hadi ndani bila ya kuomba ruhusa. Katika Crypto AG udanganyifu ulidumu takriban nusu karne. Katika xz ulikamatwa wiki chache baada ya toleo lenye sumu kutoka. Askari wa upelelezi anajua thamani ya tofauti hiyo. Anajua pia kwamba Freund hakuwa amepangiwa zamu. Kikosi cha mawasiliano kisingoje bahati ya namna hiyo. Kilinganishe mafaili yaliyofungashwa na msimbo ulio wazi, faili kwa faili, na kila tofauti iandikwe na ielezwe.

Tena kuna jambo la zamani zaidi ambalo mafundi wetu vijana yafaa walijue. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alichapisha hotuba aliyoitoa alipopewa tuzo ya Turing, akaonyesha jinsi kompaila yenyewe inavyoweza kutiwa hila ikaingiza mlango wa siri katika programu inayoijenga, na msimbo chanzo ukaonekana safi kabisa. Basi mashine ya kujengea nayo ni sehemu ya ulinzi. Isiwe kompyuta ileile ambayo maofisa hutazamia mpira jioni. Iwe imetengwa, ifungwe katika chumba chenye ufunguo, na afunguaye aandikwe, kama afanyavyo mtunza ghala la silaha.

Ugumu ulio mkubwa kupita yote hauko katika siku ya kujenga. Uko katika miezi inayofuata. Programu iliyochukuliwa katika vifurushi vya mfumo kama Debian hupokea marekebisho kwa njia ya mfumo wenyewe. Iliyojengwa kwa mikono hairekebishwi na mtu isipokuwa aliyeijenga. Kati ya watunzaji wa Squid wamo wanaojitolea, nao ni wachache. Mwaka 2021 mtafiti mmoja aliikagua akakuta kasoro 55, na alipozitangaza hadharani Oktoba 2023, kasoro 35 zilikuwa bado hazijatiwa dawa. Mwenye kujenga, kisha akahamishwa kikosi bila ya kuacha maandishi, ameacha nyuma yake lango linalooza. Kwa sababu hiyo hatuwezi kukishauri kituo kidogo cha polisi chenye kompyuta kumi na hakina fundi kijijengee. Kitumie kifurushi cha mfumo na kukisasisha kila kinapotakiwa. Kazi ya kujenga ni ya makao makuu na ya vikosi vya mawasiliano vyenye watu wa kupokezana zamu, ambao kila mmoja anaweza kuirudia kazi ya mwenzake kwa kusoma daftari lake tu.

Yako makosa mawili ya faili ya kanuni ambayo tunaomba yachukuliwe kwa uzito wa kosa la kuacha bunduki mezani. Kosa la kwanza ni la uvivu. Mstari wa mwisho wa kanuni za Squid humzuia kila ambaye hakutajwa. Fundi anapopigiwa simu na mkubwa aliyeshindwa kufungua ukurasa, hushawishika kuandika kwamba wote waruhusiwe, ‘kwa leo tu’. Tangu dakika ile wakala ni njia ya watu wote wa duniani. Tapeli aliye mbali hupita humo kuiba fedha za mjane, na wachunguzi wanapofuata nyayo huletwa hadi kwenye anwani ya kituo cha polisi. Kosa la pili ni kumpa wakala mamlaka yote juu ya mashine. Squid imeundwa ijivue mamlaka hayo na kufanya kazi kwa jina la mtumiaji asiye na cheo, na fundi asiirudishie kwa kutafuta wepesi. Mlinzi wa lango hatembei na funguo za ghala la silaha.

Tumelitaja daftari la wakala, na hapa ndipo tunapotaka maofisa watusikilize kwa makini kuliko mahali pengine. Mawasiliano mengi ya siku hizi yamefumbwa, kwa hiyo wakala wa kawaida haoni kilichoandikwa ndani ya barua. Huona jina la mahali inakokwenda, saa na ukubwa. (Kwa sababu hiyohiyo faida ya kuhifadhi nakala za kurasa imepungua sana kuliko enzi za satelaiti.) Lakini jina, saa na ukubwa vyatosha kudhuru. Wafikirieni askari wetu waliotumwa Somalia tangu Machi 2007. Daftari la wakala wa kambi kama hizo lingemwonyesha adui ni saa ngapi vijana hupumzika, ni siku gani mawasiliano huongezeka ghafla kabla ya operesheni, na ni benki gani na mji gani familia zao zinatumia. Daftari hilo likipelekwa usiku kwa mtu wa nje kwa mlango wa siri, au hata kwa ‘huduma ya matengenezo’ iliyoandikwa kwa herufi ndogo katika mkataba, hakutakuwa na mlio wa risasi wa kuamsha kambi.

Upande wa pili wa daftari ni haki ya askari mwenyewe. Squid inaweza kujengwa na kupangwa ili ifumbue hata mawasiliano yaliyofumbwa, kwa kuzitia kompyuta za kambi cheti cha kuaminiwa kinachotengenezwa na kambi yenyewe. Kwa mashine za kazi zenye siri za kazi, na kwa amri iliyoandikwa, huenda kuna siku jambo hilo likahitajika. Lakini koplo anayemwandikia mkewe usiku kwa simu yake kuhusu karo ya mtoto hakuacha utu wake langoni alipovaa sare. Ibara ya 27 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inailinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 ikaongeza masharti. Tumewasikia wanaosema kwamba anayejenga lango mwenyewe atapata nguvu ya kuwachungulia watu wake. Ni kweli, nguvu hiyo anaipata. Ndiyo sababu tunataka muda wa kuhifadhi daftari uandikwe, anayelisoma aandikwe, na sababu ya kulisoma iandikwe. Na mkuu wa kikosi asilifungue kwa kutaka kujua nani amechumbiana na nani.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Tunawaomba wahusika wa Wizara ya Ulinzi na wa makao makuu ya Polisi kule Naguru wasitafute kwanza fedha za kununua masanduku mapya. Wachague maofisa wadogo wachache katika kila kikosi cha mawasiliano, wawape mashine mbili zilizotengwa, msimbo chanzo, na muda wa miezi sita usiokatizwa na gwaride za kupokea wageni. Mwisho wa miezi hiyo kila mmoja asimame mbele ya wakuu wake, abomoe lango alilolijenga mwenzake na kulijenga upya kwa kufuata maandishi ya mwenzake huyo, na aeleze kila mstari wa faili ya kanuni ni wa nini. Atakayeshindwa arudie, na mkandarasi anayetaka kutuuzia sanduku lake naye aitwe siku hiyohiyo, aombwe alifungue mbele yao.